Kengele ya Ng'ombe kwenye Pikipiki ya Betri

Juzi kijana mmoja wa bodaboda pale stendi ya Kyela alinionyesha kwenye simu yake pikipiki ya umeme. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba siku hizi kuna pikipiki zisizokunywa petroli: unachomeka jioni, asubuhi unaondoka. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza, "Swichi yake inashika polepole au inashtuka?" Akanitazama. Nikamwambia kitu kama hicho tulikitengeneza hapahapa mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kabla mama yake hajaolewa. Alicheka hadi abiria wake akashuka.

Basi ndiyo maana nimekaa kuandika, wanangu. Sina hasira naye sana. Kidogo ninayo.

Nianze na jinsi ya kuondoka nayo, maana hapo ndipo watu walipoangukia. Chombo chetu kilikuwa baiskeli nzito ya Kichina, ya kike, iliyobeba betri mbili za gari na dainamo ya lori bovu, dainamo imefungwa kwa mnyororo kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye lori, injini huizungusha dainamo ili itoe umeme. Ukigeuza mambo, ukaipa yenyewe umeme, inazunguka na kuvuta. Hilo nilifundishwa na fundi wangu wa Mbeya, mzee mkali ambaye ukikosea waya alikugonga vidole kwa mpini wa bisibisi na kukuuliza kama kwenu kuna shamba. Kwetu shamba lilikuwepo, lakini sikumwambia.

Sasa sikilizeni. Usiwashe swichi chombo kikiwa kimesimama. Kanyaga pedeli kwanza, kikishika mwendo ndipo uwashe. Ukiwasha kikiwa kimesimama, dainamo inavuta umeme kwa pupa, nyaya zinapata moto, na chombo kinaruka. Nilimweleza hivyo Mzee Athumani siku ya kwanza tulipokitoa nje, akasema amesikia. Akapanda na kanzu yake nyeupe, akakaa vizuri, akasema bismillahi, akawasha. Tulimtoa kwenye jaruba la mpunga, kanzu imekuwa rangi ya tope, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kinavuta, Gwakisa. Wallahi kinavuta."

Huyo Mzee Athumani ndiye aliyekuwa mwenye duka la spea za baiskeli, na mashine ya mpunga ilikuwa yake pia. Alizaliwa Kyela, ila baba yake alitoka Pangani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Sisi wenye lafudhi ya Kinyakyusa alitucheka kila siku na hakuna aliyechukia. Mimi nilikuwa fundi wake. Injini ya mashine ilipokuwa ikikoboa, niliiunganisha kwa mkanda na kifaa cha kuchajia, nikachaji betri za redio za watu. Kwa hiyo umeme tulikuwa nao, betri mbovu na nzima tulikuwa nazo, na mahali petu ni tambarare, hakuna mlima mpaka uende kuutafuta. Kilichokosekana kilikuwa sababu, nayo aliileta mdogo wangu Sekela.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Nyinyi mnasimuliwa kwamba madukani vitu vilijaa ghafla, na ni kweli, sabuni hatukupanga foleni tena. Ila hamwambiwi kwamba wakati vitu vinaongezeka, kazi za ofisini zilikuwa zinapunguzwa. Sekela alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Aliolewa upande wa Katumba Songwe, kwenye mji wa baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, na mumewe alikuwa machimboni Chunya, habari zake zikija kwa kubahatisha. Watoto walikula kwa ile mashine ya chapa. Na Sekela alikuwa na goti bovu, tangu aliporuka kutoka kwenye lori la mpunga lililokuwa linarudi nyuma. Baiskeli hakuweza kuikanyaga umbali ule, kutembea ndiyo kabisa. Mkuu wake wa ofisi akamwita, akamwambia kwamba watu watapunguzwa, na wachelewaji ndio watakaotangulia.

Alikuja kwangu akaniambia, "Kaka, wewe si unatengenezea watu redio? Nitengenezee miguu."

Mzee Athumani alikuwa anasikiliza nyuma ya kaunta. Akasema kitu cha kumfaa Sekela kitawafaa na wengine: manesi, makarani, walimu, wote wanaokaa nje ya mji na hawana uwezo wa pikipiki. Akaweka sharti moja, kwamba kisipite bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kununulia baiskeli mbili. Sharti hilo lilinitesa kuliko umeme. Kila nilipotaka kitu kizuri alitikisa kichwa na kuniuliza, "Cha bure hakipo?" Ndivyo tulivyofikia dainamo za malori mabovu, mikanda iliyochakaa ya mashine, na mbao za makreti. Ukitaka kujifunza kubuni, tafuta bahili mwenye moyo mwema ukae naye.

Mambo mengi tuliyajua baada ya kuharibu. Betri zinatoa tindikali zikitikisika, na tindikali haijui kitenge cha sikukuu. Sekela alirudi siku moja nyuma ya sketi kuna matundu kama kichujio, ofisini hakuna aliyemwambia. Tukatengeneza sanduku la mbao, tukalipaka lami ndani, tukalizungushia mpira wa tyubu za zamani, likakaa chini, katikati, siyo juu ya keria kama tulivyoanza. Kitu kizito kiweke chini, wanangu. Nyinyi mnabeba magunia hadi kichwani halafu mnashangaa kona zikiwaangusha.

Kupima mtikisiko hatukuwa na chombo. Tulinunua vyungu sokoni kwa akina mama wa Ikombe, tukafunga kimoja kwenye keria, nikaendesha hadi mpakani Kasumulu na kurudi. Chungu kikirudi kizima, betri nazo zitadumu. Kikipasuka, tunaongeza springi. Vilipasuka vingi. Mke wa Mzee Athumani alituma ujumbe dukani kwamba kama kazi yetu ni kuvunja vyungu basi yeye atatupikia kwenye betri. Mama mmoja wa Ikombe akawa anatuwekea vile vyenye kasoro, na kila tulipokwenda alituuliza, "Bado hakijajifunza kutembea?"

Siku chungu kiliporudi kizima, tuligundua kitu kingine. Chombo kilikuwa kimya. Unasikia matairi tu yakila mchanga, na kuvuma kidogo ukitega sikio. Mzee Athumani alifurahi kuliko siku ya tope. Akaanza kuwaambia wateja kwamba hiki ni chombo cha watu wenye adabu, hakipigi kelele, hakitoi moshi, kinapita kama kivuli. Mjini wakakiita pikipiki bubu. Nami nilitembea kifua mbele, Mnyakyusa mzima, mtoto wa mama wa Kinyakyusa, na halikunijia hata kidogo jambo ambalo lingemjia mwanamke yeyote wa kwetu kabla hajamaliza kukitazama.

Kwa wale mliozaliwa mijini nieleze. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Siyo ugomvi, ni heshima, na Kinyakyusa tunaiita ukutila. Hamtazami usoni, hapiti karibu naye, hata jina lake halitaji. Wakiwa njia moja, mmoja anapisha, anaingia migombani hadi mwenzake apite. Chakula anampikia yeye, ila kinapelekwa na watoto. Na jambo lote hilo linawezekana kwa sababu ya masikio. Mzee anakohoa akikaribia. Mwanamke anaongea kwa sauti na mtoto aliye mgongoni. Pikipiki inasikika ikiwa bado ng'ambo ya daraja. Watu walikuwa wanaishi mji mmoja miaka mingi kwa kusikilizana.

Chombo kilipokamilika, Sekela alikiendesha wiki za mwanzo bila tatizo. Alifika ofisini mapema, kuna siku alimkuta mlinzi bado anafagia. Kisha siku moja jioni akaifikia ile kona ya karibu na kwa mkwewe, mahali ambapo migomba imefunga pande zote mbili. Mzee Ambakisye alikuwa ametoka shambani, ameinama mferejini ananawa, nguo amezikunja juu ya magoti. Hakusikia kitu. Akainua kichwa, na mkwewe yuko mbele yake, uso kwa uso.

Sekela akafanya kile alichofundishwa na mama yetu. Akavuta kitenge kwa mikono yote miwili akajifunika uso. Mikono yote miwili, na swichi imewashwa.

Chombo kilimpeleka mferejini, kikamwangukia juu ya lile goti. Sasa nawaomba mfikirie. Mtoto wa watu amelala kwenye maji, hawezi kuinuka, na mtu pekee aliye karibu ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kumgusa. Mzee Ambakisye alikimbia, kwa umri wake, hadi migombani, akageuza mgongo, akapiga kelele, "Njooni, mtu ameanguka! Njooni!" Akaendelea kuita hivyo, mgongo umeelekea mferejini, hadi wanawake wakatoka nyumbani. Majirani waliniambia sauti yake ilikuwa inakatika.

Wazee wa ukoo wakakaa. Hawakumlaumu Sekela. Waliamua tu kwamba kile chombo kisipite tena njia ile. Na njia nyingine haikuwepo, labda wakati wa kiangazi kikali, maana upande wa pili ni majaruba hadi mto Songwe.

Sekela alipoweza kusimama alikuja dukani akisaidiwa na fimbo. Hakulia. Aliniuliza, "Jumatatu naenda na nini?" Mzee Athumani akasema, "Si apige kengele ya baiskeli tu?" Nikamweleza kwamba kidole gumba kinalinda swichi na mkono mwingine uko kwenye breki, na kengele ile kila mtu anayo, anampigia kuku, anampigia mtoto, anampigia shoga yake. Mzee Ambakisye angeshinda migombani siku nzima akiwakimbia watu wasiomhusu. Mzee Athumani akaanza kupanga upya misumari iliyokuwa imepangwa tayari.

Kesho yake Mzee Ambakisye akaja mwenyewe, kwa miguu. Nilimsalimu nimeinama, "Mugonile tata," akaitikia, akakaa juu ya gunia la pumba. Alikitazama chombo muda mrefu. Nilidhani amekuja kukivunja.

"Mimi sikatai kitu chenu," akasema. "Nasikia mnakisifu. Ila mmekitengeneza kana kwamba barabarani hakuna watu."

Mzee Athumani akasema, "Mzee wangu, sisi tulidhani ukimya ni adabu."

"Kwako ndugu yangu inawezekana. Kwangu anayekuja kimya ni mwizi au chui." Kisha akanigeukia mimi. "Gwakisa, yule mtoto akifukuzwa kazi kwa sababu yangu, chakula anachonipikia nitakila kwa uso gani? Kitafutie sauti. Lakini iwe yake, nisiifananishe na ya mtu."

Ndugu zangu, mafundi wote duniani wanahangaika kupunguza kelele. Mimi na bahili wangu tulianza kuitafuta. Jumamosi tulikwenda kwa Mzee Ambakisye, akakaa barazani amegeuza mgongo, fimbo mkononi, na tukakubaliana kwamba akisikia chombo ainue fimbo. Nikaanza na kipande cha bati kinachogonga spoki. Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga majani ya migomba, bati likapotelea humo, fimbo ikainuka nikiwa nimeshampita. Nikaweka kopo la maziwa lenye mawe. Fimbo ikainuka mapema kidogo, lakini ng'ombe wakakata kamba na tukapoteza saa nzima kuwarudisha. Mzee Athumani akaomba na yeye ajaribu, akapita akiimba. Fimbo haikuinuka. Mzee Ambakisye alisema alidhani ni mtu anaumwa.

Tukakaa chini tumechoka. Sekela alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, anasikia kila kitu. Najua alikuwa anasikia kwa sababu hakuna chungu kilichogonga kingine.

Ndipo Mzee akaingia ndani, akatoka na kitu amekifunga kwenye kitambaa cha zamani. Akakifungua mapajani. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ya chuma, nyeusi kwa mafuta ya mikono.

"Hii ni ya yule mwekundu," akasema, "niliyemleta kwenu."

Nilimkumbuka yule ng'ombe. Alikuwa mmoja wa ng'ombe walioletwa nyumbani kwetu Sekela alipoolewa, na mimi ndiye niliyepokea kamba yake. Alikuja shingo tupu.

"Nilimvua kabla hajatoka hapa," Mzee akaendelea. "Nilikuwa nimemzoea mno. Nilikuwa namsikia akiwa mbali mtoni, najua anarudi. Sikutaka kuisikia ikienda kwa watu." Akanikabidhi. "Sasa mfungie aliyekuja badala yake."

Aliyasema hayo bila kupunguza sauti, na alijua ukuta wa jikoni ni wa matete.

Niliifunga chini ya keria kwa mkanda wa ngozi, ining'inie huru. Haikuhitaji kidole wala waya. Mashimo ya barabara zetu yaliigonga yenyewe, na sharti la Mzee Athumani la kitu cha bure likatimia kwa mara ya kwanza bila ugomvi. Nilikwenda hadi ng'ambo ya daraja, nikageuza. Nilipotazama mbele, nikiwa bado sijafika hata darajani, niliona fimbo iko juu, nayo haikushuka hadi nilipofika.

Wazee wakakubali. Jumatatu Sekela alikwenda kazini. Watu walipunguzwa ofisini kwao kweli, zaidi ya mara moja, na jina lake halikuwemo. Alipiga chapa pale hadi mashine za chapa zenyewe zilipostaafishwa. Asubuhi kengele ililia, Mzee akaingia ndani, ikapita, akatoka. Jioni vivyo hivyo. Hawakuonana tena uso kwa uso, lakini nani alimjua mwenzake kama wao? Masika moja Songwe ilifurika, jua likazama na kengele haijasikika. Mzee hakungoja kuulizwa. Aliwatuma wanawe na taa, wakamkuta Sekela ameshikilia chombo penye kalavati, mnyororo umekatika, maji yanamfika kiunoni. Walimrudisha mgongoni, na kengele wakaibeba mkononi wakiipiga njia nzima ili mzee asikie.

Tulitengeneza vyombo vingine, siyo vingi. Nesi mmoja alinunua, karani wa mahakama, na mwalimu wa Ipinda aliyekuwa mnene kuliko betri zetu. Wanawake wote waliuliza kwanza habari ya kengele, ndipo wakauliza bei. Mzee Athumani akawa ananunua kengele kwa wafugaji, kila moja na mlio wake, na mteja alichagua dukani kwa kuzitikisa huku mkwewe akiwa ametuma mtu wa kusikiliza. Kulikuwa na vicheko pale dukani ambavyo sijavisikia tena mahali popote. Halafu zikaja pikipiki za petroli za bei rahisi, zikanguruma, na hakuna aliyehitaji kengele. Mzee Athumani alifunga duka akiwa mzee, akafariki. Dainamo zetu walizichukua wanunuzi wa chuma chakavu. Namkumbuka mno, hasa nikiona kitu kizuri ambacho kingeweza kupatikana bure.

Sasa nasikia pikipiki bubu zinarudi, na yule kijana wa stendi ananifundisha. Karibuni. Mnaniuliza itakwenda umbali gani kwa chaji moja, na hilo ni swali zuri. Lakini kabla ya kukaza nati ya mwisho, nendeni mkakae barazani kwa mtu chombo kitakapopita, mgeuze mgongo, mwone mnasikia nini.

Mzee Ambakisye alifariki duka letu likiwa bado wazi, wakati wa kuvuna mpunga. Matanga yalipokwisha, Sekela alileta chombo nikibadilishie brashi za dainamo. Nilikilaza, nikaona ile kengele chini ya keria, mkanda wake umelika. Nikachukua spana, nikamwambia, "Hii sasa tuitoe, Sekela. Inakupigia kelele bure, hakuna tena wa kumpisha."

Akainama na goti lake lile bovu, akaishika kengele kwa kiganja, ikanyamaza.

"Iache, kaka," akasema. "Ukiitoa, atajuaje kwamba nimerudi?"

Nikakata mkanda mpya, nikaikaza.